Mlango Uliosema Karibu Tena

Hodi ya kwanza Nakijwa aliidhania sauti ya filamu kwa jirani. Ya pili ikamfanya aweke chini kitana. Katika Dodoma ya miaka ile watu walikuwa wameacha kupiga hodi. Milango yenyewe ndiyo iliyomuuliza mgeni jina, ikapata jibu kabla hajafika kizingitini, kisha ikamtangaza kwa mwenye nyumba kwa adabu zote. Lakini asubuhi hii ya Jumamosi mlango wa Nakijwa ulikuwa kimya. Kwa akili ya mlango, pale nje hapakuwa na mtu.

"Hodi wenyewe," sauti ilisema tena, kwa subira ya mtu aliyefundishwa kwamba hodi ni tatu, na baada ya hapo unaondoka.

Alifungua kwa mkono. Nje alisimama mzee mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kofia ya kufuma ya rangi ya kijani imekaa sawasawa kichwani. Mguu mmoja alivaa kiatu cha ngozi kilichong'arishwa vizuri. Mwingine ulikuwa na kandambili.

"Mbeleje, mbona unachelewa kufungua?" alisema. "Treni ya mizigo iko karibu."

Nakijwa hakuwa Mbeleje, na mtaa ule haukuwa na reli. Hata hivyo alikuwa amezaliwa Usangi, kwenye milima ya Upare, na bibi yake alimlea akijua kwamba mgeni haulizwi shida yake kabla hajakaa na kunywa kitu. Kwa hiyo alimkaribisha, akamwekea kiti, akarudi jikoni kuongeza maji kwenye birika. Aliporudi alimkuta mzee amekigeuza kiti kikatazama dirisha, mikono juu ya magoti, kama askari aliye zamu.

Angani nje ya dirisha ndege-tarishi zilipita kwa mistari iliyonyooka, moja nyuma ya nyingine, kila moja imebeba kifurushi chake tumboni. Wiki iliyopita zilikuwa chache, na zilipita polepole kwenye njia mbili tu za anga. Leo zilikuwa kama siafu. Nakijwa alizitazama kwa fahari ambayo hakutaka ionekane, maana yeye ndiye aliyezifungulia anga hiyo. Alikuwa mhandisi wa Mamlaka ya Masafa, ofisi ya serikali inayogawa hewa. Watu walicheka waliposikia kazi hiyo. Aliwaeleza kwamba mawimbi ya redio ni kama barabara: ukimwachia kila mtu apite anapotaka, hakuna atakayefika. Ni lazima mtu akae chini aamue nani apite ukanda gani, na apaze sauti kiasi gani. Kanuni Mpya ya Masafa, iliyoanza kutumika alfajiri ya siku hiyo, ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake. Saa tisa alasiri kulikuwa na sherehe ofisini, na minong'ono ilisema kwamba angetangazwa mkuu wa idara mpya ya Anga ya Chini.

Mzee alikunywa chai kwa starehe, akakaribishwa chapati, akala. Akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka kama redio ya zamani porini. Mara alikuwa anamuuliza Mbeleje kuhusu mbuzi waliobaki kwa mjomba, mara alimtazama Nakijwa usoni na kuona kwamba hamjui.

"Wewe binti ni mtu wa wapi?" aliuliza.

"Usangi, babu. Mpare."

"Mpare!" Mzee alirudisha kikombe kwenye sahani kwa uangalifu mkubwa. "Basi kwa chai hii nimekwisha. Wapare ninyi mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya mbuzi. Kesho nitaitwa mahakamani kwa ajili ya chapati."

Nakijwa alicheka mpaka akashika mdomo. Ndipo alipoinama kumwongezea chai, akaona kwenye ukingo wa kofia ya kijani kivimbe kidogo, si kikubwa kuliko punje ya hindi, kimeshonewa kwa uzi mwekundu. Alikijua. Kila mtu mjini alikijua. Kilikuwa kinong'ono.

Vinong'ono vilikuwa kila mahali: kwenye mifuko ya unga, kwenye magurudumu, kwenye viatu vya wanafunzi, kwenye chupa za damu hospitalini. Kinong'ono hakina betri. Kinalala. Mashine iitwayo mwitaji inapotuma wimbi lake, kinong'ono hudokoa nguvu kidogo kutoka kwenye wimbi hilohilo, huamka, hutaja jina lake na kulala tena. Kisipoitwa hakisemi. Na kikiitwa kwa sauti ndogo mno, hakina nguvu ya kuamka.

Swali lilimjia Nakijwa polepole, kama maji yanayopenya chini ya mlango. Ikiwa mzee huyu ana kinong'ono, kwa nini mlango haukumtangaza?

Alichukua mkoba wake wa kazi na kutoa mwitaji mdogo wa mkononi. Alisimama mbali na mzee kiasi ambacho mtu husimama mbele ya mlango, akaita. Kimya. Alisogea, akaita. Kimya. Mzee alimtazama kwa udadisi, akiuliza kama ni picha anapigwa. Nakijwa alisogea mpaka mashine ikakaribia kuigusa kofia, na hapo ndipo sauti ndogo iliposema: "Ndahani Chiwanga. Makao ya Wazee Mlezi. Tafadhali nirudishe."

Alikaa. Chai ilikuwa bado moto mikononi mwa mzee, na Nakijwa alikwisha kuelewa yote.

Kanuni mpya ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya ukanda wa waitaji ikazipa ndege-tarishi. Waitaji walisukumwa kwenye kichochoro chembamba cha masafa, na ili wasizisumbue ndege, waliamriwa kupunguza sauti. Hakuna fundi aliyehitajika kwenda nyumba kwa nyumba. Kila mwitaji alipokea sheria yake kutoka hewani na kutii alfajiri ileile. Kabla ya hapo Nakijwa alikuwa amepewa kazi ya kuchunguza nani anautumia ukanda huo. Alitazama orodha ya leseni: maghala na maduka makubwa. Wote aliwaandikia, wote wakabadilisha vifaa vyao. Kisha alisikiliza kupitia Sikio, mnara wa Mamlaka ulioko juu ya mlima, na Sikio halikusikia chochote zaidi. Bila shaka halikusikia. Mwitaji mdogo wa mlangoni husikika hatua chache tu, na kwa kuwa ni mdogo, sheria haimdai leseni. Asiyedaiwa leseni hana jina kwenye orodha, na sheria yenyewe ilisema wazi kwamba asiye na leseni asidai ulinzi. Aliyafahamu haya yote kama anavyofahamu jina lake. Angeweza kutembea mitaani na mashine hii hii mkononi, mlango kwa mlango. Alikuwa amepanga kufanya hivyo. Lakini mwezi ulikuwa unakwisha, wakubwa walikuwa wanasubiri, na kwenye fomu, mahali palipouliza athari kwa watu, aliandika neno moja: *Hakuna.*

Alikuwa amelipenda neno lile. Lilionekana safi.

"Chai imekushinda, Mpare?" mzee aliuliza kwa upole. "Umebadilika rangi."

"Twende nikurudishe nyumbani, babu."

Mzee alikataa bajaji isiyo na dereva iliyokuja kusimama mbele yao. Alisema hawezi kupanda chombo ambacho hakuna wa kumlaumu. Wakatembea. Kwenye bustani ya mtaa alisimama karibu na nguzo ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, ambayo wakazi waliidhania pambo, na akaipapasa kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe wake.

"Hapa palikuwa na kibanda changu," alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Reli ya zamani ilipita hapo ulipojenga nyumba yako. Mimi nilikuwa mlinzi wa njiapanda. Kijani mkono huu, nyekundu mkono huu. Mvua, jua, msiba, sikuacha zamu. Mama yangu alikufa nikiwa zamu. Dada yangu Mbeleje alikuja kuniambia, nikamwambia asubiri treni ipite." Akapangusa vumbi kwenye nguzo. "Leo nimeamka, nikaona nimechelewa kazini. Mlango ukafunguka wenyewe. Ukaniambia asante kwa kututembelea, karibu tena."

Mlango wa Makao haukusikia jina lolote kwenye kofia, kwa hiyo ukamchukua mzee kuwa mgeni na kumuaga kwa heshima.

"Watasema nimetoroka," mzee aliendelea. "Waambie sikutoroka. Maneno yangu siku hizi hawayachukui. Yako watayachukua."

"Nitawaambia, babu."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Kilikuwa kitu kidogo sana kuahidi. Alikisema kirahisi.

Makao ya Wazee Mlezi yalikuwa nyumba ndefu yenye baraza pana, nayo yote ilikuwa imetaharuki. Msimamizi wake, Bi Skola, mwanamke mnene mwenye macho yaliyokosa usingizi, alikimbia mpaka getini na kumkumbatia mzee kwa nguvu, kisha akamkaripia, kisha akamkumbatia tena. Barazani wazee wenzake walikuwa wamejipanga kwenye viti kama watazamaji wa mpira.

"Mtoro karudi!" mmoja alisema, bibi mdogo mwenye meno mawili, jina lake Bi Mandia. "Alikwenda kuoa."

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na uchovu wa asubuhi ndefu tu. Lakini Mzee Chiwanga alisimama wima, mikono ubavuni.

"Sikutoroka," alisema. Akageuka kumtazama Nakijwa.

Wote wakamtazama.

Nakijwa alifungua mdomo. Beji ya Mamlaka ilikuwa imening'inia shingoni mwake, na mkono wake, bila kuulizwa, ulikuwa umeshaisukuma ndani ya blauzi. "Nilimkuta nje kwangu," alisema. "Labda... labda mlango una hitilafu."

Bi Skola alimvuta pembeni, akamshukuru, akamweleza kwa sauti ya chini. Mlango hauna hitilafu. Una muhuri wa Mamlaka ya Masafa, umekaguliwa. Kila kofia na kila pindo la kanga hapa limeshonewa kinong'ono, na mzee akikaribia, mlango hujifunga polepole na kumwita kwa jina arudi ndani. Ukisema haukumsikia, basi mzee aliivua kofia akaibana kwapani, maana mwili huziba sauti yake. Yupo mwingine aliyefanya hivyo mwaka juzi, akapatikana korongoni, amekwisha kufa. Tangu hapo waliweka utaratibu: anayetoroka anahamishiwa chumba cha ndani, chenye kufuli na kisicho na dirisha.

"Nami inaniuma," Bi Skola alisema. "Huyu babu kazi yake ni kukaa dirishani kutazama treni ya umeme ikipita kule bondeni. Hunyoosha mkono kila inapopita. Lakini tuko wahudumu wawili tu, dada yangu. Kamati inakaa Jumatatu, na sijui niwaambie nini zaidi ya alichosema mlango." Akamtazama. "Wewe unafanya kazi wapi?"

"Ofisini tu," Nakijwa alisema.

Alipokuwa anaondoka, mlango ulimsikia vizuri kabisa, maana kinong'ono chake kilikuwa cha kisasa, cha ofisi. "Asante kwa kututembelea," ulisema. "Karibu tena." Alitembea mpaka kwenye kona asikoweza kuonekana, akajifunika uso kwa mtandio wake kama mtu anayekinga vumbi. Hapakuwa na vumbi.

Sherehe ilikuwa nzuri. Kulikuwa na pilau, na watoto walipewa ndege-tarishi ndogo za karatasi. Mkurugenzi, Bwana Kihwelo, mtu mpole aliyemfundisha Nakijwa kazi tangu alipotoka chuoni, alisimama akamtaja kama binti aliyefungua anga. Makofi yalipigwa. Nakijwa alitabasamu, na kila kofi alilihisi mgongoni.

Baadaye, watu walipokuwa wanatawanyika, alimfuata ofisini kwake na kumweleza yote: kofia, mlango, ahadi, chumba kisicho na dirisha. Akasema anataka kutumia Kifungu cha Tahadhari. Kifungu hicho kilimruhusu mhandisi aliyeidhinisha ukanda kuurudisha kama ulivyokuwa, papo hapo, akiona maisha ya watu yako hatarini. Kilikuwa hakijatumika hata mara moja, kwa sababu atumiaye hukiri kwamba kazi yake mwenyewe ilikosewa, na leseni yake ya uhandisi hushikiliwa mpaka uchunguzi uishe.

Bwana Kihwelo hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alimmiminia maji, akamwambia kwamba kanuni hupitiwa upya kila baada ya miezi kadhaa na jambo hili litarekebishwa kimyakimya. Waitaji wa milango wataongezwa sauti kidogo, na hakuna atakayeuliza kwa nini. Kwa sasa awaandikie wale wazee wasogeze mashine karibu.

"Na Mzee Chiwanga?"

"Atahamishwa chumba. Kisha atarudishwa."

"Wanamwita mtoro."

"Nakijwa." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Umesema mwenyewe, akili yake inakuja na kuondoka. Jumatatu hatakumbuka kwamba alitoka. Hatakumbuka kwamba wewe upo. Hiyo ahadi unamtimizia nani?"

Nakijwa aliinuka, akaaga. Alirudi nyumbani, na kikombe cha mzee kilikuwa bado juu ya meza, kimerudishwa sawasawa katikati ya sahani yake.

Jumapili alijaribu kujishawishi. Alijiambia kwamba akiwa mkuu wa idara angeweza kuwasaidia wazee wengi zaidi kuliko akiwa hana kazi, na hilo lilikuwa kweli. Alijiambia kwamba mama yake, kule Usangi, alikwisha kuwatangazia majirani wote. Hilo pia lilikuwa kweli. Jioni alichukua mwitaji wake na kufanya ile kazi ambayo angeifanya mwezi uliopita. Alitembea mtaani, mlango kwa mlango. Kwenye kituo cha watoto, mlezi alimwambia kwamba tangu jana mlango umekuwa kama kiziwi, kwa hiyo amefunga kwa kamba. Kwa mshona viatu kulikuwa na kijana asiyeona, ambaye fimbo yake ilisoma vinong'ono vilivyofukiwa kwenye mawe ya njia. Alikuwa amekaa tu. Alisema fimbo imekufa na anamsubiri kaka yake amchukue. Alisema bila kulalamika. Kwa sheria, hakuwa na leseni ya kulalamika.

Nakijwa alirudi akakaa mbele ya mashine yake ya kazi. Kutia sahihi Kifungu cha Tahadhari kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha akavaa beji shingoni, nje ya blauzi, akalala nayo hivyo hivyo, kama anayeogopa kwamba mkono wake utaisahau tena.

Asubuhi ya Jumatatu anga ya Dodoma ilikuwa imepungua. Ndege-tarishi zilikuwa zimerudi kwenye njia zake mbili za zamani, zikienda polepole, na watu mitaani walitazama juu wakiuliza kumetokea nini. Simu ya Nakijwa ilikuwa inaita mfukoni. Aliijua sauti ile ya kuita; ilikuwa ya ofisini. Aliiacha iite.

Kwenye mlango wa Makao ya Wazee Mlezi hakusubiri kutangazwa. "Hodi," alisema kwa mdomo wake.

Kamati ilikuwa imekaa barazani, kwa sababu ndani kulikuwa na joto, na wazee walikuwa palepale wakinywa uji. Aliomba nafasi. Alitaja jina lake na ofisi yake, kisha akasema alichokuja kusema, polepole, kwa maneno ambayo Bi Mandia mwenye meno mawili angeyafuata. Alisema Mzee Chiwanga hakuivua kofia. Mlango ulikuwa kiziwi, umezibwa masikio na sheria, na sheria hiyo aliiandika yeye, bila kuja hapa kuuliza. Alisema muhuri ulioko mlangoni ni wa ofisi yake, na siku ile muhuri ulidanganya.

"Mzee huyu hakutoroka," alisema. "Alifunguliwa mlango, akaenda kazini."

Bi Skola ndiye aliyesema kwanza, na hakupaza sauti.

"Jumamosi ulisimama hapa. Nilikuuliza unafanya kazi wapi."

"Ndiyo."

"Sikulala siku mbili. Nilimsema babu wa watu maneno ambayo sijui nitayarudishaje."

Nakijwa alikuwa ameandaa samahani ndefu. Aliiacha, akainamisha kichwa mbele yao wote, mtu mzima na beji yake. Hakuna aliyemsaidia. Aliona kwamba hakustahili kusaidiwa haraka.

"Kwa hiyo," Bi Mandia alisema mwishowe, akilamba kijiko, "kumbe mtoro ni serikali."

Mzee mmoja akacheka, kisha mwingine, na mwenyekiti wa kamati akakunja uso kuficha kicheko chake. Habari ya chumba cha ndani haikujadiliwa tena.

Mzee Chiwanga alikuwa dirishani, kwenye kiti chake. Nakijwa alikwenda akachuchumaa mbele yake na kumwamkia. Aliitikia kwa ukarimu wa mtu anayemwamkia mpita njia. Macho yake yalimtafuta usoni, hayakupata kitu, yakaomba radhi.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Mpare, babu. Wa Usangi."

Uso wa mzee ukachangamka. "Mpare! Ninyi mnauza ng'ombe ili mshinde kesi ya mbuzi."

"Ni kweli, babu." Simu mfukoni ilianza kuita tena, kisha ikanyamaza. "Nimeshamuuza."

"Na kesi?"

"Tumeshinda. Nimewaambia hukutoroka."

Mzee alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba hajui ni jambo gani linazungumzwa. Lakini neno lile la mwisho lilimfikia mahali fulani, maana alinyoosha mgongo na kufunga kifungo cha shingo kilichokuwa kimefunguka.

"Mimi sijawahi kuacha zamu," alisema.

Alipotaka kuondoka, mzee aliinuka kumsindikiza, kama mwenyeji anavyomsindikiza mgeni. Walikuwa bado mbali na mlango ulipoisikia kofia. Ulijifunga taratibu mbele yao na kusema kwa sauti ya upole kwamba uji wa Mzee Ndahani Chiwanga unapoa. Nakijwa alisimama. Alikuwa ameurudisha mlango unaomjua mzee huyu, na mlango unaomjua ndio huo unaomzuia. Hilo hakuna kanuni ambayo ingeliweka safi.

Mzee hakuudhika. Alimwonyesha Nakijwa kwa kidole apite mbele, yeye akarudi nyuma hatua kadhaa, mpaka mlango ukaridhika na kufunguka. Kisha aliivua kofia yake ya kijani, akanyoosha mkono wake wote, akaipunga juu kwa heshima zote za kazi yake.

"Njia nyeupe, Mpare," alisema. "Pita."